Maswali na Majibu: Umetumwa Kisumu, na Watoto Wamefunga Mizigo

Kila shule zikikaribia kufungwa, barua za aina moja huanza kutufikia: mwajiri amenituma, watoto wako likizo, twende wote? Mwezi huu tunajibu sita. Zilizokuwa ndefu tumezifupisha.

Nani alipe nini?

*Mhariri, salamu. Mimi ni mwezeshaji katika shirika moja hapa Nakuru na nimealikwa kuongoza warsha ya siku nne Kisumu. Mume wangu ana likizo, na watoto ni wawili, wa miaka 7 na 3. Waandaaji wanailipa hoteli moja kwa moja, na shirika langu linanipa posho ya safari. Naogopa nisije nikasemwa kwamba natembeza familia kwa pesa za watu. Nianzie wapi? Mama wa Wawili, Lanet.*

Mama, hofu yako inatibika kwa karatasi. Watoto kuonekana hotelini hakumsumbui mtu. Maneno huanza pale mhasibu anaposhika bili asijue mstari gani ni wa kazi na upi ni wa familia.

Kabla ya kumwambia yeyote, pigia hoteli simu wewe mwenyewe. Uliza bei ya chumba kwa mtu mmoja, bei ya chumba hicho hicho kwa watu wawili, na mtoto huanza kulipiwa akiwa na umri gani. Hapo kwenye umri kila hoteli ina kanuni zake. Mara nyingi mdogo anayelala na wazazi halipiwi, mkubwa kidogo hulipiwa nusu, na kitanda cha ziada kina bei yake peke yake. Tuseme, kwa mfano tu, mtu mmoja ni KSh 6,000 na wawili ni KSh 7,800. Waandaaji wanalipa 6,000 zao kama kawaida, wewe unabeba ile tofauti ya 1,800 kwa usiku pamoja na gharama ya watoto. Kwa usiku wanne tofauti pekee ni 7,200. Sasa unajua unaomba nini na hakuna atakayekukisia.

Uliza pia kama kila mshiriki ana chumba chake. Waandaaji wengine hulaza wawili wawili ili kubana matumizi. Ukikuta ndivyo, usimwombe mwenzako ahame. Lipia chumba cha familia mwenyewe, hapo hapo au nyumba ya wageni ya jirani.

Kisha andika barua pepe moja kwa waandaaji, nakala kwa mkuu wako, fupi: "Nitafuatana na mume na watoto wawili. Nitalipa mwenyewe tofauti ya bei ya chumba na chakula chao chote, kwa bili ya pekee." Yatosha. Usieleze kwa nini wala usiombe radhi. Siku ya kufika, waambie watu wa mapokezi wafungue bili mbili tangu usiku wa kwanza. Kuzitenganisha siku ya kuondoka, saa nne asubuhi, foleni ya washiriki imejaa mapokezini na matatu inasubiri nje, ndiko huzaa makosa: soda za watoto zinaangukia kwa mfadhili, nawe unaitwa wiki mbili baadaye kueleza soda.

Chakula ndicho kinachowatia watu aibu zaidi. Malipo ya warsha huhesabiwa kwa kichwa: chai ya saa nne, chakula cha mchana, chai ya saa kumi. Sahani ya mtoto kwenye meza ile ni sahani ambayo hoteli itamdai mtu. Mume na watoto wale mkahawani au mjini. Kifungua kinywa chao kwa kawaida kimo ndani ya bei ya chumba cha watu wawili, lakini hakikisha kama cha watoto kimo pia.

Kuhusu kodi: tangu Julai 2025, posho ya hadi KSh 10,000 kwa siku unapofanya kazi nje ya kituo chako haikatwi kodi wala haidai risiti (awali kiwango kilikuwa KSh 2,000). Hiyo ni posho yako wewe, na ukibana mlo wako ukawanunulia watoto samaki, hilo ni lako. Mwajiri akimlipia mume nauli au kitanda, hiyo huhesabiwa kuwa faida ya ajira na inaweza kuingia kwenye kodi ya mshahara wako, isipokuwa faida zako zote zisizo za pesa taslimu hazizidi KSh 5,000 kwa mwezi. Kwa hiyo meneja mkarimu akisema "tutawalipia wote", mwulize mhasibu kwanza.

Msomaji wa serikalini au wa kaunti aliyechukua masurufu, yaani pesa za kazi anazopewa mapema, ana jambo la ziada: kuyarejesha kwa hesabu kamili ndani ya siku 7 za kazi baada ya kurudi kituoni. Risiti za familia zisiingie kwenye bahasha hiyo hata kidogo.

Gari la kampuni

*Nauza bidhaa za duka kutoka Kakamega hadi Webuye, Bungoma na Busia kwa pikapu ya kampuni. Wiki ijayo nitalala Busia siku mbili. Kuna ubaya nikimbeba mke na mtoto wa miaka 5? Muuzaji, Kakamega.*

Ndugu, bila ruhusa ya maandishi, usiwabebe. Sababu ni bima. Wewe ukiumia kazini, Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 inakutambua. Mkeo na mtoto haiwajui. Usidhani pia kwamba bima ya mtu wa tatu inambeba kila aliyeketi garini: mkataba ndio unaotaja abiria gani wamo na gari linatumika kwa kazi gani. Omba kusoma ukurasa wa masharti. Penye maneno "mizigo ya mwenye gari" pekee, jibu umelipata. Kampuni ikiruhusu, ipewe majina ya abiria, tarehe na njia, na barua ikae garini pamoja na karatasi ya safari.

Kuna jambo la pili ambalo hukuuliza. Unaposimama dukani Bungoma kupanga oda, mtoto yuko wapi? Gari lililoegeshwa juani hupanda joto kwa nyuzi 10 hivi ndani ya dakika 10 tu, na kuacha kioo wazi kidogo hakusaidii lolote la maana. Wauzaji wanajua kwamba "dakika tano" za mwenye duka ni nusu saa. Wapandishe matatu ya moja kwa moja hadi Busia, mkutane jioni.

Mtoto wa miezi mitano

*Nanyonyesha. Kazi inanipeleka Kisumu siku tatu na yaya yuko tayari kuja nami. Je, nimbebe mtoto au nimwache na bibi yake Njoro? Mama Mchanga, Nakuru.*

Mbebe. Siku tatu bila kunyonya hukuletea matiti yaliyojaa, pengine na homa, na maziwa yanaweza kupungua. Lakini yaya awe amemzoea mtoto. Wa kuazimwa wiki ya safari hafai.

Fanya hesabu ya maziwa kabla ya kufunga mizigo. Mtoto wa mwezi 1 hadi 6 hunywa wastani wa mililita 750 kwa siku nzima, sawa na 30 hivi kwa saa. Ukiwa ukumbini kuanzia saa mbili hadi saa kumi, acha mililita 250, ukizigawa katika vikombe vitatu vya 80 au 90. Usijaze chupa moja kubwa: yakishaguswa na mdomo wa mtoto, yanayobaki humwagwa muda wa saa 2 ukipita, na hakuna kinachouma kama kumwaga maziwa uliyoyakamua alfajiri.

Joto la Kisumu ndilo linalovuruga hesabu za mama wa Nakuru. Ile kanuni ya maziwa kukaa mezani kwa muda wa saa 4 ni ya chumba kisichozidi nyuzi 25. Mchana Kisumu hukaribia nyuzi 30, kwa hiyo usiyaache mezani kabisa. Kwenye friji inayofanya kazi hukaa hadi siku 4, na kwenye kibebeo chenye pakiti za barafu iliyoganda hukaa hadi saa 24. Vijifriji vya vyumbani vingi hupoza soda tu. Ukifika, weka glasi ya maji ndani usiku mmoja. Yakiwa vuguvugu asubuhi, omba jikoni wakutunzie maziwa kwenye friji yao, kila kikombe kikiwa na jina, namba ya chumba na saa ya kukamua. Kuyapasha, weka kikombe ndani ya bakuli la maji moto. Maikrowevu huacha sehemu inayochoma katikati.

Kama mtoto hajawahi kunywa kwa kikombe, anza sasa, wiki mbili kabla, na anayemnywesha awe yaya. Mtoto akisikia harufu yako chumbani hukataa kikombe, na ana haki.

Kazini, Sheria ya Afya ya 2017 inakupa mapumziko ya kunyonyesha yasiyozidi saa 1 kwa kila saa 8 za kazi, mbali na muda wa chakula. Mwambie mwenye ratiba mapema akuweke huru saa nne na saa saba. Nauli na chakula cha yaya ni vyako, ila kama sera ya mwajiri inasema vingine. Mashirika machache hulipa, kwa hiyo ulizia kabla hujalipa.

Malaria

*Tunatoka Naka. Mke ana mimba ya miezi minne na tuna kijana wa miaka 2. Mkutano wangu ni Kisumu, siku tano. Mama mkwe anasema tusithubutu. Anatia chumvi? Baba, Nakuru.*

Mama mkwe ana hoja, japo hatusemi msiende. Nakuru iko juu, mita 1,850 hivi, na malaria huko ni chache. Kisumu iko kwenye mita 1,130 kando ya ziwa, ukanda wenye malaria mwaka mzima. Aliyekulia huko ana kinga kidogo inayotokana na kuugua mara kwa mara. Kijana wako hana, na mimba hupunguza hata ile ya mama. Wajawazito wa kaunti za ziwa hupewa SP, dawa ya kuzuia malaria, kliniki kuanzia wiki ya 13. Hilo si jambo la kawaida kliniki za Nakuru. Chanjo ya malaria, iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2019 katika kaunti za magharibi, huchukua dozi 4, za miezi 6, 7, 9 na 24, kwa hiyo haiwezi kumkinga mtoto kwa safari ya wiki ijayo.

Nenda kliniki na mkeo wiki mbili kabla, mwulize daktari kuhusu dawa ya kinga kwa kila mmoja. Usinunue tu duka la dawa kwa kusikia: doksisaiklini, kwa mfano, haifai kwa mjamzito wala mtoto wa chini ya miaka 8. Daktari akishauri mkeo abaki, msibishane naye.

Mkienda, bebeni chandarua chenu chenye dawa. Cha hoteli mara nyingi ni kile cha duara kinachoning'inia kwenye pete, kizuri kwa mtu mzima anayelala kimya. Mtoto wa miaka 2 hupiga mateke, akalala mkono umegusa neti, na mbu humuuma kupitia matundu. Cha mstatili hukaa mbali na mwili. Chukua kamba ya mita 10 ya kukifungia kwenye fimbo ya pazia na bawaba za dirisha, maana hoteli haitakuruhusu kupigilia misumari. Kikague mbele ya taa ukitafuta matobo, na uwe na sindano na uzi. Pindo zote ziingie chini ya godoro kabla jua halijazama, sio baada ya mtoto kulala.

Mbu wa malaria huuma kuanzia magharibi hadi alfajiri. Kwa hiyo saa ya hatari ni ile ile inayowavuta wageni: samaki kando ya maji, saa moja jioni, mtoto na kaptura. Kuleni mapema, au kuleni ndani. Dawa ya kujipaka yenye DEET, kemikali ya kufukuza mbu, inafaa kwa mtoto wako, lakini usimpake viganjani, maana ataviweka mdomoni.

Sasa sikiliza hesabu hii, ndiyo inayowaponza wengi. Malaria huchukua siku 7 au zaidi tangu kuumwa hadi homa. Mkifika Jumatatu, mtoto akachemka Jumatano, mbu wa Kisumu hahusiki. Apimwe, atafutiwe sababu nyingine. Lakini homa ya wiki ya pili, ya tatu, hata ya nne baada ya kurudi Naka, wakati kila mtu amesahau ziwa, hiyo ndiyo ya kushuku. Mpeleke siku hiyo hiyo, umwambie mhudumu kwanza kabisa: "Tulilala Kisumu tarehe fulani." Zahanati ya Nakuru isipoambiwa inaweza kuanzia kwenye mafua.

"Anatuleta kisha anatufungia"

*Mume wangu husema twende naye kazini, kisha tunashinda chumbani na runinga mpaka usiku. Mara hii ni Kisumu tena, watoto wa miaka 9 na 6. Nikatae? Mke wa Mhandisi, Nakuru.*

Dada, usikatae. Dai ratiba. Mwenye kazi hana mchana wa kuwapa, na akijidai anao atawapa nusu nusu, simu mkononi. Akuambie mapema muda wa saa mbili kila siku ambao ni wenu, simu zimezimwa, na zaidi ya hapo usimsubiri. Mchana ni wako na watoto, mwe na pesa zenu na usafiri wenu. Akikutumia pesa asubuhi moja moja kama nauli ya shule, mtakwama. Akupe za siku zote siku ya kwanza.

Asubuhi ndiyo ya kutoka, kabla jua halijakaza na kabla ya mvua za alasiri. Makumbusho ya Kisumu yako kwenye barabara ya Kericho: pana nyoka, samaki wa ziwa, na boma la Kiluo ambalo mtoto anaweza kuingia na kuuliza mlango wa mke wa kwanza uko upande gani. Hifadhi ya Impala ni ndogo, inatembeleka kwa miguu, na kiingilio hulipwa kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali. Fungua akaunti ukiwa Nakuru, usije ukahangaika na nywila getini huku watoto wanalia jua.

Mashua, ndiyo, lakini asubuhi. Alasiri upepo huinuka na mawimbi nayo. Usikubali jaketi okozi la mtu mzima kwa mtoto. Lifunge, kisha mnyanyue kwa mabega ya jaketi: likipanda hadi masikioni, ni kubwa, majini litamtoka. Asiyekuwa na la mtoto, mwachie mashua yake. Na hata maji yakiwa matulivu namna gani, wasiogelee wala kucheza kingoni: kichocho huingia kwa ngozi tu, na kiboko hapigi hodi.

Samaki wa mtoto wa miaka 6 awe mbuta, vipande vyake havina miba midogo. Ngege ni mtamu zaidi, ila umchambulie kwa mkono wewe mwenyewe.

Barabarani: Nakuru hadi Kericho ni zaidi kidogo ya kilomita 100, na Kericho hadi Kisumu 80 hivi. Simameni Kericho, pana vyoo na chai. Anayetapika garini aketi katikati ya kiti cha nyuma, macho barabarani, asipewe simu. Kipande cha kuogopa ni cha kurudi: mteremko wa Sachangwan hadi Salgaa, ambako malori huishiwa breki. Pitieni mchana, msikae nyuma ya lori wala mbele yake. Warsha ikiisha saa kumi jioni, laleni usiku mmoja zaidi. Ni bei ya chumba kimoja.

Kwa ufupi

*Mimi ni wa Kisumu, natumwa Nakuru mwezi wa saba na watoto wawili. Nibebe nini? Na wakikosa shule wiki moja, kuna ubaya? Baba Kisumu.*

Sweta, na si moja. Julai Nakuru usiku hushuka hadi karibu nyuzi 10, na watoto wa Kisumu hufika na kaptura. Uliza kama hoteli ina maji moto ya asubuhi, si ya jioni tu. Hifadhi ya Ziwa Nakuru inawafaa watoto kwa vile faru huonekana bila safari ndefu, ila hapatembewi kwa miguu, kwa hiyo tenga pesa za gari. Na ile shule ya wiki moja uliyouliza mwishoni: usimtoe mtoto darasani kwa ajili ya safari yako. Likizo za Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka zipo, na mkutano wako nao utakuwepo tena.